Hafunui Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikanyaga damu kabla sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, nimepanga chumba Kambarage, mjini Shinyanga, kwa mama mmoja muuza maandazi, na sare yangu ilikuwa imepigwa pasi ya mkaa hadi inasimama yenyewe. Njia nzima ya kwenda hospitalini nilikwepa vumbi nisichafuke. Mlangoni nikakuta watu wamembeba mwendesha baiskeli aliyegongana na mkokoteni wa ng'ombe. Bati la mkokoteni lilikuwa limempasua mkono juu ya kiwiko, na damu inadondoka hadi kwenye ngazi. Metroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya chini, alinitazama mara moja tu.

"Wewe ndiye mpya?"

"Ndiyo, Metroni. Shikamoo."

"Marahaba. Weka mkono hapa."

Nikaweka. Alinipa gozi, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufungia vidonda, amekikunja mara nyingi, nikabonyeza juu ya jeraha kama nilivyosoma darasani. Baada ya muda mfupi nikainua pembe ya gozi nione kama damu imekata. Ikaruka ikanipiga kifuani. Metroni hakunigombeza. Aliurudisha mkono wangu pale pale, akaweka wake juu, akakandamiza hadi vidole vyangu vikauma.

"Umefunua ili uone nini?"

"Kama imekoma, Metroni."

"Wewe si Msukuma? Kwenu hawagandishi maziwa? Ukifunua kibuyu kila saa utakunywa maziwa mabichi. Damu nayo inataka kuganda, iache. Kazi hii ni ya mkono. Macho yako tutayahitaji daktari akifika."

Sare ile sikuweza kuitakatisha tena. Niliivaa na madoa yake mpaka ikachanika, na kila mgonjwa mwenye damu alipoletwa nilikumbuka kibuyu.

Ninyi vijana mnaosoma uuguzi siku hizi mna glovu za kutupa, mna bandeji zinazonyonya zenyewe, mna simu za kumwita daktari. Sisi glovu tulizichemsha, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipaka poda tukazivaa tena. Lakini namna ya kuzuia damu haijabadilika sana, na inachosha kuona watu wanaijua kwa mdomo tu. Kuna mishipa inayotoa damu moyoni, ndiyo ateri. Ikikatwa, damu inaruka kwa mapigo na ni nyekundu ya kung'aa. Kuna inayoirudisha moyoni, ndiyo veni. Hiyo damu yake inatiririka, na rangi yake imeiva zaidi. Mtu aliye barabarani hana haja ya kubishana ni ipi. Amlaze mgonjwa chini, achukue kitambaa kisafi alicho nacho, akiweke juu ya jeraha na abonyeze kwa nguvu zake zote bila kuachia. Kama ana mfuko wa plastiki auvae mkononi, ajikinge na yeye. Kitambaa kikilowa, aongeze kingine juu yake na azidi kukandamiza. Asifunue. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyonila miguu na sauti kwa maisha yangu yote ya kazi.

Baada ya miaka michache ya mjini nilihamishiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Bugarama. Mgodi mkubwa ulikuwa na uzio wake na watu wake. Sisi tuliwapata wachimbaji wadogo, wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo yao, kwa kamba na tochi. Mganga Mfawidhi, ndicho cheo cha mkuu wa kituo, alikuwa Msumbwa wa makamo, mwembamba, mwenye subira ya kuudhi. Aliponipokea alinionyesha kabati la dawa, akanionyesha kisima, kisha akaniambia, "Hapa utafanya kazi na watu wawili, mgonjwa na wanaokuja kumpa pole. Mgonjwa hana shida."

Nilidhani ananitania mgeni. Nilimwelewa siku alipoletwa Shija.

Shija alikuwa mchimbaji, mtu mzima mwenye watoto. Waya wa winchi ulikatika ukamchapa mguu chini ya goti. Mkewe alikuwa akipika chakula pale pale mgodini. Alikimbia na kanga, akaikunja, akaiweka juu ya jeraha na kukandamiza kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemfundisha. Damu ikatulia. Wakati vijana wanatafuta mkokoteni, watu wakaanza kufika kutoa pole.

Kwetu, anayefika kutoa pole lazima aone. Si ushabiki. Kesho ataulizwa nyumbani, na keshokutwa mnadani, "Ulimkuta katika hali gani?" Akisema hakuona, ni kama hakwenda. Kwa hiyo balozi wa mtaa alifika akasema, "Hebu nimwone," na mama yule akainua kanga kwa adabu. Akaja baba mdogo wa Shija na baiskeli yake. "Hebu nione." Ikafunuliwa. Akaja kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi, mtu wa kuogopwa, naye akataka kuona ili aamue kama kuna kesi. Kila walipofunua walipasua kile kilichoanza kuganda, na kila mara damu ilianza upya kwa nguvu zaidi. Mmoja wao alimwagia sukari, mwingine akashauri mafuta ya taa.

Shija aliponifikia alikuwa na jasho la baridi, midomo imekuwa ya kijivu, mapigo ya moyo ya haraka na mepesi kiasi kwamba niliyatafuta kwa shida. Hali hiyo tunaiita mshtuko. Mwili umepungukiwa damu hata kichwa hakipati. Nilikaza, Mganga Mfawidhi akahangaika na mshipa wa kuweka dripu, lakini Shija alitutoka tukiwa tumemshika.

Mganga Mfawidhi alinawa mikono. Kisha akasema, si kwa hasira, "Jeraha hili lisingemuua mtu, Nesi. Wageni wamemuua, na wote wamekuja kwa wema."

Mjane alikuwa amekaa ukutani na ile kanga mapajani. Nilikwenda kumpa pole, na kwa uchovu na uchungu nikamuuliza jambo ambalo sikupaswa kumuuliza siku ile.

"Mama, ulikuwa umeizuia. Kwa nini ulikubali kufunua?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ningemwambiaje mzee asione?"

Kusema kweli, hata nyumbani kwetu ningefanya kama yeye. Msichana wa Kisukuma anafundishwa kupiga magoti anaposalimia kabla hajafundishwa kuteka maji. Leo anaambiwa akatae agizo la baba mkwe mbele za watu, mikono imejaa damu? Nikaona kwamba vitabu vyangu vyote vilikuwa vinazungumza na mtu asiye na wakwe. Tangu siku ile sikutafuta kitu kingine kazini ila jibu la mama yule.

Tulilitunga mimi na Mganga Mfawidhi, tukinywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwenye benchi la zahanati. Mimi nilitaka amri: Msifunue. Yeye akatikisa kichwa.

"Usiwafundishe kukataa wazee, hawataweza. Wafundishe kusalimia. Mtu akisalimiwa vizuri anapunguza haraka."

Basi likatoka hivi: "Shikamoo. Pole tumeipokea. Hafunui mtu." Linaanza na heshima, linampa mgeni alichokuja kukileta, kisha linafunga mlango bila kumtaja mtu jina. Na mgeni apewe kazi: amfunike mgonjwa asipate baridi, atafute gari, awaondoe watu. Mzee aliyepewa kazi hana muda wa kuchungulia. Tulilijaribu sisi wenyewe, yeye akiwa mzee mkali na mimi nikiwa nimekandamiza mguu wa meza. Tulicheka hadi mhudumu akaja kutazama kuna nini.

Kicheko kiliishia pale. Nilizunguka na maneno yale vijijini miaka mingi, kwa baiskeli, kwa trekta, kwa miguu mvua ikikatisha njia. Katika mkutano mmoja mzee alisimama akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na mkutano ukaishia hapo. Katika mwingine wanawake waliyasema maneno kwa pamoja, kwa sauti nzuri kama wako kwaya, na wiki iliyofuata mmoja wao akaniletea mtoto aliyekatwa na jembe, kitambaa kimefunuliwa na ukoo mzima. Nilipomuuliza akasema, "Nesi, alikuja bibi yake." Nilimshona mtoto yule. Mganga Mkuu wa Wilaya alipotutembelea aliyasifu sana maneno yetu, akasema yachapwe kwenye mabango. Mabango hayakuja, na yeye akahamishwa.

Afisa Usalama wa kampuni moja ndogo ya uchimbaji alinialika niongee na vijana wake. Hao walinisikiliza kidogo, kwa kuwa duarani hakuna wakwe. Kosa lao lilikuwa lingine. Kila mmoja ana kipande cha mpira wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo kwenye keria, na mtu akiumia wanamfunga nao, mwembamba kama uzi, kisha wanaulegeza kila mara "damu ipite". Niliwaeleza kwamba kifungo cha kukaza ni cha mkono au mguu tu, pale kubonyeza kunaposhindwa. Kiwe kipana kama vidole vitatu vya mtu mzima, kikae juu ya jeraha upande wa moyoni, kisiwe juu ya kiungo. Unafunga fundo, unaweka kijiti, unafunga tena, unakizungusha kijiti mpaka damu ikome. Kitauma, na mgonjwa atakutukana. Unakumbuka saa uliyokaza, unamwambia daktari, na hukilegezi mpaka ufike kwake. Kijana mmoja akaniuliza kijiti atakipata wapi chini ya ardhi. Nikamwambia mpini wa nyundo. Akaitikia kwa kichwa, akaandika mkononi kwa kalamu. Siku kama hizo zilikuwa chache na nilizitunza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Masumbwe. Nilifika huko wakati Masumbwe bado inahesabiwa mkoa wa Shinyanga, mipaka ikabadilishwa nikajikuta Geita bila kuhama kitanda. Mume wangu alikuwa amefariki, mwanangu Masanja anaanza kujitafutia na ufundi wa vyuma, miguu yangu imeanza kuvimba jioni. Mganga Mfawidhi wa huko alikuwa daktari kijana, mpole, aliyeniita mama hata aliponipangia zamu mbaya. Alinituma kufundisha kwenye vigango, kwa akina mama na vijana wa kanisa, baada ya misa.

Nilikuwa nimebuni onyesho. Nilichukua kipande cha mgomba kiwe paja, nikatoboa, nikapitisha mpira wa dripu, na juu nikatundika chupa ya maji ya rozela, mekundu kabisa. Ukifungua, paja linavuja. Nikawaonyesha kubonyeza. Nikawaonyesha pia jeraha la kwenye kinena, pale mguu unapoanzia, ambapo huwezi kufunga kitu: unasokomeza kitambaa ndani ya jeraha mpaka lijae, kisha unaegemea kwa uzito wako wote, hata kwa goti kama mikono imechoka. Na wote tukasema, "Shikamoo. Pole tumeipokea. Hafunui mtu."

Siku moja katika kigango kimojawapo joto lilikuwa kali na watu walikuwa wachache. Wawili walikuwa wanasukana. Karibu na dirisha alikaa msichana mmoja mwenye kilemba cha kijani, ambaye tangu nilipofungua ile chupa ya rozela hadi ilipokwisha alikuwa amefumba macho. Sijui kwa nini yeye ndiye aliyenimaliza. Labda kwa sababu alikuwa amelala ameketi wima, kwa heshima. Nilifungasha mgomba wangu nikarudi kituoni, nikamwambia Mganga Mfawidhi kwamba nimechoka kufundisha waliolala.

"Pole, mama," akasema. "Pumzika. Mwezi ujao utakwenda tena."

Nilikwenda, kwa kuwa gari lilikuwepo. Lakini moyo haukwenda, na nadhani watu wanaliona hilo.

Nilistaafu hivyo hivyo. Walinipa kitenge na saa ya ukutani, wakanisifu kwa mambo ambayo hawakuyaona. Katika juma langu la mwisho aliletwa mwendesha bodaboda aliyegongwa, kitambaa kimefunuliwa, na aliyemleta akanieleza bila haya kwamba alikifungua kidogo apige picha, ndugu walioko Mwanza walitaka kuona kwenye kundi lao la simu. Nikaona yule baba mdogo wa Shija amepata njia ya kufika bila baiskeli. Mgonjwa alipona, lakini mimi nilipanda gari la kurudi Kambarage nikijiambia kwamba nimebeba maji kwa ungo tangu ujana wangu. Mimi na swali la yule mjane tulizeeka bila jibu.

Masanja alibaki Masumbwe. Alioa huko, akapata mapacha, Kulwa na Doto, na mkewe tukamwita Mama Kulwa. Ni binti mtaratibu mno. Nikienda kuwatembelea hanisalimii mpaka magoti yote mawili yafike chini, hata kama ana ndoo kichwani. Hakai kitini nikiwa nimekaa. Nikimuuliza jambo anajibu akitazama mkeka. Nilimpenda, lakini kwa siri nilimwona kama mtu asiye na uti wa mgongo, na nilimwambia Masanja amzoeshe kusema.

Mwaka jana nilikuwa kwao, ni Jumapili, nikaenda misa ya kwanza. Masanja hakwenda, alikuwa na kazi ya kukata vyuma vya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na mwenye mashine alikuwa ameng'ang'ania kuvipata. Narudi, nikaona watu wamejaa uani. Jirani mmoja mwanamke alinifuata akanishika mkono, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Pole, mayu. Sahani ya grenda imepasuka."

Niliwasukuma watu. "Nipisheni, mimi ni nesi."

Masanja alikuwa chali kwenye vumbi, amegeuka rangi. Kipande cha sahani kilikuwa kimempasua kinenani, mguu unapoanzia, mahali pabaya kuliko pote. Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti, goti moja chini na jingine juu ya mumewe, ameegemea kwa mwili wake wote juu ya bonge la kanga lililokuwa jekundu. Kichwa amekiinua, anatazama paa la jikoni.

Nilipiga magoti upande wa pili. Nilikuwa nimeshaona majeraha mengi kuliko mtu yeyote katika ua ule, na nilichotaka kilikuwa kimoja tu. Nilitaka kulijua lile jeraha lina ukubwa gani. Nilitaka kujua kama nina mtoto au sina.

"Hebu nione," nikasema, na nikashika pembe ya kanga.

"Shikamoo, mayu," akasema Mama Kulwa, macho bado yako kwenye paa. "Pole tumeipokea. Hafunui mtu."

Sikusikia vizuri, au nilisikia nikaona hayanihusu. "Mimi ni mama yake."

"Najua."

"Mama Kulwa, mimi ni nesi. Nataka kuona tu."

"Toa mkono, mayu."

Mkamwana anamwambia mama mkwe atoe mkono, mbele ya majirani, mchana kweupe. Nilimtazama usoni na nikaona hatanipa nafasi, hata nikimpiga. Ndipo yale maneno yakanifikia. Nikatoa mkono. Nilijisikia mzee kuliko nilivyowahi kujisikia, na wakati huo huo nikataka kulia kwa sababu nyingine ambayo sikuwa na muda wa kuitafuta.

"Nifanye nini?" nikamuuliza.

"Mfunike, mayu. Ana baridi. Na gari."

Nikamfunika kwa kitenge changu cha misa. Nikamtuma jirani kwa mwenye pikapu ya mahindi. Masanja alipoomba maji ya kunywa nikamnyima, kwa kuwa mtu anayekwenda kupasuliwa hanywi. Wazee wawili walifika kutoa pole, mmoja akainama, "Hebu," na kabla hajamaliza nilimwambia shikamoo na nikampa kazi ya kufungua geti. Pikapu ilipofika Mama Kulwa alikataa kuondoa goti, ikabidi tuwapandishe wote wawili pamoja kama mzigo mmoja. Njia nzima nilikuwa nimeweka mikono yangu juu ya mikono yake, tunaegemea pamoja kila gari liliporuka shimo. Hospitalini daktari wa upasuaji alitazama mara moja, akasema, "Huyo anayebana asiachie mpaka nimwambie." Akaingia naye chumba cha upasuaji hivyo hivyo, na kanga yake.

Masanja alichangiwa damu na shemeji zake. Anachechemea kidogo, na anadai mvua ikikaribia mguu unamwambia. Yuko hai, anakula, anabishana.

Siku Masanja aliporudi nyumbani, Mama Kulwa alinifuata jikoni akapiga magoti, kichwa chini, akanishika miguu.

"Nisamehe, mayu. Nilikukosea adabu mbele za watu."

"Inuka. Yale maneno umeyapata wapi?"

"Kwako. Ulikuja kigangoni kwetu nikiwa msichana. Ulikuwa na mgomba."

Nikamwinua uso nimtazame. "Ulikuwa na kilemba cha kijani."

"Ndiyo, mayu."

"Ulilala mwanzo hadi mwisho."

Akatikisa kichwa. Akaona aibu hata kuniambia. "Sikulala. Naogopa damu. Ulipofungua ile chupa nikafumba macho nisizimie, nikabaki nasikiliza." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata siku ile ya Baba Kulwa sikuangalia. Mpaka leo sijui lile jeraha likoje. Ulisema kazi ni ya mkono."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilimfikiria Metroni wa mjini na kibuyu chake, na yule Mfawidhi mwembamba akijifanya mzee mkali mbele ya mguu wa meza. Wote wawili walishazikwa. Nilimfikiria mjane wa Shija, ambaye aliniuliza angemwambiaje mzee, na nikatamani angekuwa jikoni pale amsikie huyu binti. Nililia waziwazi, na Mama Kulwa akaogopa akadhani amenikosea tena.

Ninyi mnaoanza kazi sasa, sina la kuwapa moyo sana. Mtachoka. Mtafundisha watu wanaosukana, na mtahesabu waliolala, na hamtajua nani amefumba macho kwa sababu gani. Mimi nimejua mmoja tu, kwa kuwa aliolewa nyumbani kwangu. Wengine kama wapo, wapo huko huko vijijini na sitawajua.

Siku hizi nikienda Masumbwe, Mama Kulwa akinijia kunisalimia namshika mkono kabla goti halijafika chini. Yeye haridhiki, anasema si adabu. Majirani wanaona namdekeza mkamwana. Waache waone.